Makabati ya Mkulo

"Makabati haya ni mazima," alisema Mzee Mbaraka. "Ya nini kuyang'oa?"

Hidaya alikuwa amepiga magoti ukumbini akisugua sakafu, na maneno ya mumewe yakamfikia kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi. Mkono wake ukasimama juu ya povu. Alingoja amsikie mumewe akicheka, au akiongeza neno la kuyageuza aliyoyasema, lakini alichosikia ni vidole vikigonga mbao, vikihama kutoka mlango mmoja wa kabati hadi mwingine.

"Una hakika, mzee?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bwana Abubakari, mwenye nyumba.

"Huu ni mkulo, bwana mkubwa. Mkulo wa zamani, wa msitu wa Magamba. Siku hizi hata ukiutafuta kwa tochi huupati. Kibovu hapa ni rangi tu. Wamepaka juu ya mafuta ya kupikia, wengine wakaja wakapaka juu ya hiyo. Ikwanguliwe yote, mbao zioshwe, zipigwe msasa, zipakwe upya kwa utaratibu wake. Utadhani yametoka kiwandani jana."

"Kumbe!" Bwana Abubakari alicheka kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. "Na mimi nilikuwa nayatupa nje nitengenezewe mengine!"

Hidaya aliinua kichwa akachungulia. Mwanawe Hamza alikuwa amesimama kando ya dirisha, futi ya kupimia mkononi, penseli ya useremala nyuma ya sikio. Ni yeye aliyekuwa atengeneze hayo mengine. Ni yeye pia aliyemleta baba yake pale asubuhi ile, aione kazi mapema, ili makabati mapya yakishaundwa mzee ayapake rangi. Hamza aliikunja ile futi taratibu, pingili kwa pingili, akaitia mfukoni.

"Basi, bosi," alisema, "naona mimi niwaache."

Hakuna aliyemzuia.

Nyumba ile ilikuwa moja ya nyumba za zamani za juu ya mji wa Lushoto, zenye dohani za mawe na madirisha ya vioo vidogo vidogo. Walikaa humo maofisa wa serikali, mmoja akihamishwa mwingine akija. Sasa nyumba za namna hiyo zilikuwa zinauzwa kwa wenye nazo, na Bwana Abubakari, aliyeanza maisha kwa kusafirisha kabichi na karoti kwenda Dar es Salaam na sasa alikuwa na malori na duka la vitu vya Dubai, alikuwa ameinunua hii. Hidaya alipata kibarua cha kuisafisha kabla familia haijahamia. Siku alipomsikia mke wa tajiri, Bi Tatu, akilalamika kwamba jiko lile linamtia kinyaa, alijikaza akasema ana mtoto seremala. Alilisema akiwa ameshika tambara la kudekia. Bi Tatu, mwanamke wa rika la Hamza ambaye hakuwahi hata siku moja kumwamkia shikamoo, alimtazama kwanza miguu, kisha uso, akasema, "Haya, mlete tumwone."

Kwa neno hilo moja Hidaya alikuwa amelala vizuri usiku wote uliofuata. Sasa alilichovya tambara ndani ya ndoo akaendelea kudeki, kwa sababu sakafu ilikuwa bado haijaisha.

*

Jioni alisonga bada la unga wa muhogo, akaliweka mezani na kisamvu. Mzee Mbaraka alinawa. Hamza alinawa. Walikula wakiwa wameinama, kila mtu kwenye upande wake wa sahani, mpaka Hamza aliposema bila kumwangalia baba yake:

"Tate, yule mtu nilishakubaliana naye."

"Mimi nimeulizwa," Mzee Mbaraka alijibu. "Mtu kaniuliza, mzee, makabati haya unayaonaje? Nimjibu nini?"

"Ungemjibu ni ya zamani. Si ni ya zamani kweli?"

"Ya zamani na mazima."

"Hilo la pili si angejijulia mwenyewe."

"Hajui mbao yule. Anajua kabichi."

Hamza alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na kitu ndani yake. Aliliacha tonge alilokuwa amelishika. "Sikutaka useme uongo, tate. Nilitaka unyamaze tu."

Alitoka nje. Walimsikia akihamisha mbao kwenye kibanda chake cha bati pembeni mwa nyumba, mbao ambazo hakuwa na haja ya kuzihamisha.

Hidaya alimjua mwanawe. Hakuwa mvivu. Zamani kidogo, kila mwenye mkahawa na kila mwenye kilabu alimwendea kwa viti na meza. Kisha vikaja viti vya plastiki, vyekundu na vyeupe, vimebebanishwa juu ya malori hadi vinagusa matawi ya miti, na ndani ya muda mfupi hakuna aliyetaka kiti cha mbao. Mkewe Rukia akavumilia, akachoka. Baba yake alikuja akamchukua, yeye na mtoto, akawapeleka kwao Mlola. Hakufanya ugomvi. Alisema tu kwamba Hamza akipata kazi ya kueleweka aende akawachukue, na mahindi yakishavunwa, kama hajaenda, basi waachane kwa wema. Mahindi ya Mlola yalikuwa yameanza kukauka shambani.

"Baba Hamza," Hidaya alisema, "kesho nenda kamwambie umeangalia vibaya."

"Nimeangalia vizuri."

"Mwambie kwa nyuma yameoza."

Mzee Mbaraka alimtazama kama mtu anayejaribu kumtambua. Alikuwa mpaka rangi wa serikali tangu ujana wake. Shule, zahanati, nyumba za wakubwa, zote alizipaka. Walipompunguza kazini pamoja na wenzake walimshukuru kwa utumishi mwema, wakampa mkono, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwuliza jambo lolote. Watu walimwambia: mzee pita huku, mzee subiri, mzee kesho. Bwana Abubakari alikuwa wa kwanza kumwuliza, na kusimama asikilize jibu.

"Unataka nikaseme mkulo umeoza?"

"Nataka mkwe wangu arudi. Nataka mjukuu wangu."

"Na mimi sitaki?" Mzee Mbaraka alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuumia kweli. Lakini hakusema kuwa atakwenda.

*

Asubuhi, kabla ya kwenda kibaruani, Hidaya alipita kibandani kwa Hamza. Alichota unga wa mbao chini ya meza ya randa, ule laini kabisa wa msumeno, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Hakumwambia mtu.

Alipofika kule aliingia jikoni akiwa peke yake. Aliufungua mlango wa kabati la chini, pembezoni kwenye bomba, akaumwaga ule unga kidogo kidogo kwenye kona na juu ya rafu, kama unavyomwagika unapotolewa na dudu wanaotoboa mbao. Alikuwa mtu mzima, ameswali alfajiri. Kisha akaenda kumwita Bi Tatu.

"Mama, njoo uone. Dudu wanakula mbao humu."

Bi Tatu aliinama, akaona, akaruka nyuma akishika gauni lake. "Nilisema! Nilimwambia Abu, vitu vya watu wa zamani vina wadudu! Abu! Abu, njoo!"

Bwana Abubakari alikuja, na nyuma yake akaja Mzee Mbaraka, aliyekuwa ameitwa asubuhi ile wapatane bei. Hidaya hakuwa amejua kuwa yuko pale. Alimwona akiingia na kofia yake ya kiua mkononi.

"Mzee," Bwana Abubakari alisema, "ulinihakikishia. Hiki nini?"

Mzee Mbaraka alipiga magoti mbele ya kabati. Alizoa ule unga kwa kidole, akausugua kwenye kiganja, akaunusa. Akapapasa rafu, kona, na mgongo wa kabati, akitafuta matundu, na matundu hayakuwapo. Akanusa tena. Mkulo una harufu yake kali kama ya dawa ya kifua. Ule unga ulinukia paini, na paini ndiyo mbao Hamza aliyokuwa akiipasua.

Alikaa pale chini muda mrefu. Hidaya alisimama karibu na mlango na kuomba kwa moyo wake wote, si kwa Mungu, kwa yule mzee aliyelala naye kitanda kimoja tangu akiwa msichana. Sema ni dudu. Sema tu ni dudu.

"Si dudu," Mzee Mbaraka alisema. "Ni unga wa msumeno."

"Umefikaje humu?" Bi Tatu aliuliza.

Hapo ndipo Mzee Mbaraka alipokaa kimya. Lakini macho yake yalikwenda, kabla hajayazuia, kwenye pindo la kanga ya mkewe, na Bi Tatu akayafuata, na wote wakaona vumbi la rangi ya maziwa lililobaki limeng'ang'ania kwenye mkunjo wa kitambaa.

"Ala!" Bi Tatu alisema polepole. "Kumbe ukoo mzima mnatuchezea. Baba anasema hivi, mama anafanya vile, mtoto naye kule na misumeno yake anangoja."

"Mama, nisamehe. Ni shetani tu."

"Shetani gani, ana kanga?" Bi Tatu alimgeukia mumewe. "Mimi mtu kama huyu simtaki ndani mwangu. Kesho atatia nini kwenye chakula?"

Bwana Abubakari hakuwa mtu mbaya. Alitazama pembeni, akaona haya kwa niaba ya wazee wale wawili. "Nenda nyumbani, mama," alisema. "Siku zako ulizofanya tutahesabiana na mzee."

Hidaya aliokota kandambili zake. Akaishika ndoo kwa mazoea, maana kila siku aliiosha na kuirudisha uani.

"Acha hiyo ndoo," Bi Tatu alisema. "Ndoo ni yangu."

Aliiweka chini, akapita mlango wa nyuma. Alipokuwa anateremka ngazi za mawe alimsikia Bwana Abubakari akisema, tena kwa upole, kwamba kwa usumbufu huu bei itabidi ishuke, na akamsikia mumewe akijibu, "Sawa, bwana mkubwa."

*

Kazi ilianza wiki ileile. Mzee Mbaraka alitoka asubuhi na brashi zake zilizofungwa kwenye gazeti, na siku ya kwanza alirudi akiwa ameshika kiuno. Milango ya mkulo ni mizito, na mtu hawezi kuishusha na kuilaza peke yake. Siku ya pili Hamza alikuwa amesimama njiani anamngoja, amevaa suruali yake ya kazi.

"Unakwenda wapi?" Mzee Mbaraka alimwuliza.

"Nitakufungulia bawaba," Hamza alisema, na akatangulia.

Hidaya hakuruhusiwa kuingia. Mchana aliwapelekea chakula hadi kwenye geti, akakiweka juu ya jiwe, akagonga bati kwa kijiwe kidogo ili wasikie. Kutoka pale getini aliuona uwanja wa nyuma. Milango ya makabati ilikuwa imelazwa juu ya vyuma na magogo, mstari mzima, na mumewe alikuwa akitembea katikati yake.

Hakuwahi kumwona akifanya kazi. Miaka yote ile alikuwa akiondoka safi na kurudi na madoa, basi. Sasa alimwona akikwangua rangi ya zamani, ikitoka kwa tabaka: nyeupe, ya samawati, ya kijani ya ofisi, mpaka mbao ikatokea ya dhahabu iliyofifia. Alimwona akiiosha kwa maji ya magadi kutoa mafuta ya vyakula vya watu waliokwisha kufa, akiikausha, akipitisha msasa kwa kufuata nyuzi za mti, tena kwa msasa laini zaidi, akifuta vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini, akijaza mikwaruzo kwa puti. Alipaka rangi ya chini akangoja. Akapiga msasa tena juu ya rangi aliyoipaka mwenyewe, jambo lililomshangaza Hidaya, kama mtu anayefua nguo safi. Ndipo akaja na rangi yenyewe, ya mafuta, ya rangi ya siagi, akiipaka kwa mivuto mirefu isiyo na haraka, brashi ikianza pembeni na kuishia pembeni bila kusimama katikati.

Hamza alikuwa nyuma yake, akimgeuzia milango, akimkorogea rangi, akimwoshea brashi. Hawakuwa wakizungumza. Mzee akinyoosha mkono, Hamza aliweka juu yake kitu kinachotakiwa.

"Wanafanya vizuri," alisema mlinzi wa getini, kijana wa Mnazi.

"Ndiyo," Hidaya alisema.

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Afadhali mumewe angekuwa ameharibu.

*

Makabati yalirudishwa ukutani. Hidaya hakuyaona, lakini aliyasikia, maana mji mzima uliyasikia. Bi Tatu alialika wenzake kunywa chai, na kila aliyekwenda aliingizwa jikoni. Mke wa daktari alipitisha mkono juu ya mlango wa kabati, akauliza yametoka nchi gani. Mwenye nyumba ya wageni naye alikuja kuangalia. Kabla ya mwezi kuandama Mzee Mbaraka alikuwa anasimamishwa barabarani.

"Mzee, na ya kwangu utayafufua lini?"

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa amemwambia Hamza kwamba atamtengenezesha kabati la vyombo mambo yakikaa sawa, alikuja hadi kibandani. Hamza aliweka randa chini akamfutia kiti.

"Lile kabati, mwalimu? Mbao ninazo."

"Hapana, mwanangu," mwalimu alisema, akiona haya kidogo. "Nilikuwa namwulizia mzee. Nimeona heri lile la zamani alipige rangi tu."

Ujira wa nyumba ya Bwana Abubakari, baada ya kupunguzwa kwa usumbufu, na baada ya siku za Hidaya kutohesabiwa, Mzee Mbaraka aliugawa, akampa Hamza nusu. Kisha akamsukumia na ile nusu nyingine. "Nenda Mlola," alisema. "Mchukulie mtoto nguo. Mwambie mkweo kazi zimeanza."

Hamza alikwenda siku ya gulio. Hidaya aliosha nyumba, akaanika godoro la chumba cha mwanawe juani, akaazima chandarua kwa jirani. Mchana aliona magari ya kutoka Mlola yakishusha watu na viroba, akawa anatoka nje na kuingia. Alasiri Hamza alitokea kwenye kona ya njia, peke yake, akiwa na mfuko uleule wa nguo za mtoto aliokwenda nao.

Alikaa kwenye kizingiti. Hidaya akakaa kando yake.

"Wamekataa?"

"Hawakukataa. Mzee amenipokea vizuri, kanichinjia kuku. Nikamwambia kazi zimeanza. Akaniuliza, kazi gani, ya useremala? Nikasema, namsaidia tate kupaka rangi." Hamza alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na rangi ya siagi kwenye kucha. "Akasema vizuri, lakini hiyo ni kazi ya baba yako."

"Na Rukia?"

"Rukia alikuwa analia jikoni. Nilimsikia. Hakutoka. Yuko mtu wa Mlola anayemtaka, ana mashine ya kusaga. Rukia hakuwa na ubaya wowote, mama. Alichoka tu."

Hidaya aliogopa kuuliza lile lililobaki, akauliza. "Mtoto je?"

"Mkubwa sasa. Anakimbia. Nilimwita akaja. Nikampa peremende. Bibi yake akamwambia, sema asante. Akasema, asante, mjomba."

Hidaya alifunika uso kwa kanga.

"Hajui," Hamza alisema haraka, kama anayemtetea mtoto asipigwe. "Kila mwanamume anayekuja pale wanamwambia ni mjomba. Hajui." Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Nimetoa talaka. Moja, mbele ya mashahidi. Nikaondoka."

Walikuwa bado wamekaa vile Mzee Mbaraka alipofika kutoka kwa mke wa daktari, anatembea haraka kuliko alivyotembea kwa miaka, kofia imesogea nyuma ya kichwa. Alianza kusema akiwa bado mbali.

"Wamenipa jiko lote! Na milango ya vyumba! Kazi ya watu wawili, nimewaambia nina..." Akaona mfuko wa nguo. Akamtazama mkewe, akamtazama mwanawe, akauangalia mlango uliokuwa wazi nyuma yao, kana kwamba huenda Rukia amekwisha kuingia ndani anapumzika. Alivua kofia, akasimama nayo pale uani, mzee mwenye habari njema ambayo hana pa kuiweka.

"Wanaanza lini?" Hamza aliuliza.

"Kesho," Mzee Mbaraka alisema. "Lakini wanaweza kungoja. Nitawaambia wangoje."

"Wasingoje. Tutakwenda."

*

Asubuhi walitoka pamoja, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Hamza alibeba kopo la tapentaini na vyuma vya kukwangulia, Mzee Mbaraka akabeba brashi. Usiku Hamza alikuwa ameuza meza yake ya randa kwa seremala wa Soni, na mnunuzi mwenyewe alikuwa aje kuichukua. Hidaya aliwasindikiza hadi mwisho wa uwanja akawatazama wakishuka, mwanawe akimpunguzia mwendo baba yake kwenye mteremko, akimpa mkono mahali palipoteleza.

Jirani yake Esta, aliyekuwa anakwenda kisimani, alisimama naye kuwatazama.

"Hongera, dada," Esta alisema, na alimaanisha. "Watu kila siku wanalia hakuna kazi, wewe sasa una mafundi wawili nyumba moja."

"Asante," Hidaya alisema.

Alingoja mpaka Esta amepita. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akalala juu ya lile godoro alilolianika, na siku ile kutwa nzima hakuwasha moto.